Ubao Ungali Moto

Mjomba Firmin alipiga simu asubuhi nikiwa bado nafunga kilemba. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikasikia kila neno. Alimwambia Method, mposaji wangu, kwamba hatungoji tena wiki ijayo kama tulivyopatana, tunakuja leo. Tena hatuji kwake Hallonbergen kula biskuti. Tunataka kuiona kwa macho yetu hiyo safina anayoijenga.

Nilijua Method alikuwa wapi alipopokea simu ile. Alikuwa Sundbyberg, kwenye banda lililo kando ya maji, na mashine ya mvuke ilikuwa inanguruma karibu naye, maana jana yake aliniambia kwamba leo ndiyo siku ya kukunja ubao wa mwisho. Nilitamani kumnyang'anya mjomba simu niseme leo haiwezekani. Lakini binti anayeposwa hana sauti siku kama hiyo. Na mwanamume anayeposa hawaambii watu wa upande wa mke kwamba hana nafasi. Nikamsikia mjomba akisema, "Bon. Vizuri sana," nikajua Method amekubali.

Tulitoka Rågsved, mtaa tunaokaa huku ugenini, kwa gari la mjomba, mama mbele, mimi nyuma. Mjomba alivaa suti ya Jumapili ingawa ilikuwa Jumamosi. Njia nzima alizungumza juu ya aibu. Alisema kule kanisani watu hawamwiti tena Mzee Firmin, wanamwita mkwe wa Nuhu. Alisema Ludovic, kijana mwenye nyumba yake mwenyewe, bado anauliza habari zangu kila Jumapili, na mimi nimekwenda kumpenda mtu wa mbao.

Alisema kweli juu ya kanisani. Baada ya ibada, tukinywa chai, Mama Emmanuella alipenda kuniuliza mbele ya watu mvua itaanza lini, na kama tumeshapata twiga wawili. Watu walicheka, nami nilicheka, kwa sababu mimi ni mtu ambaye jibu linanijia nikishafika nyumbani, nikiwa naosha vyombo.

Kuna jambo moja ambalo hawakulijua. Kila Jumamosi niliyowaaga kwamba naenda mazoezi ya kwaya, nilikuwa bandani.

Method ni fundi wa lifti. Tulijuana kwenye jengo la ofisi ninalosafisha. Nilikwama ndani ya lifti na ndoo yangu, na sauti ya mwanamume ikatoka juu, kwa Kiswahili cha Bukoba, ikiniuliza kama naogopa. Sikujua amejuaje kwamba nasema Kiswahili. Baadaye alinicheka, akasema alinisikia nikimwomba Yesu. Mlango ulipofunguka nilimwona amepiga magoti sakafuni, ananitazama kutoka juu, uso mzima una grisi, na macho yale. Tangu siku hiyo nimeshatazamwa na watu wengi, lakini sijatazamwa vile.

Nilipomuuliza kwa nini anajenga chombo cha tanga, mtu ambaye kwao hakuna aliyewahi kujenga hata mtumbwi, alinijibu taratibu, kama mtu aliyeulizwa swali hilo mara nyingi na hajachoka nalo.

"Kila siku naingia kwenye shimo la lifti. Napanda, nashuka, napanda, nashuka humohumo. Nataka kitu kimoja katika maisha yangu kiende mbele."

Basi nikaanza kwenda kumsaidia. Mwanzoni nilishika tochi tu. Kisha akanifundisha kalafati, kazi ya kusokota pamba na kuipigilia kwenye nyufa kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. Ni kazi ya mtu mnyamavu. Niliipenda kuliko kuimba.

Na nilimwona akishindwa. Watu wanaocheka hawakuiona sehemu hiyo. Alianza kwa kununua mbao za dukani, zilizokaushwa kwenye tanuri, nzuri, zimenyooka. Kila alipozitia kwenye mvuke na kujaribu kuzikunja zifuate ubavu wa chombo, zilipasuka kwa mlio kama kofi. Alipoteza majira ya baridi mazima hivyo. Mpaka akaelewa kwamba ubao uliokauka sana umeshasahau maji, hausikii tena mvuke. Akatafuta msonobari uliokatwa karibuni, mrefu, usio na fundo, akaupata mbali huko kaskazini. Mbao ndefu za kutosha kufunga ubavu zilikuwa tatu. Mbili zilipasuka. Hii ya tatu ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku la mvuke asubuhi ile mjomba alipopiga simu.

Mwenye banda alikuwa analitaka banda lake mwisho wa mwezi. Chombo chenye tundu ubavuni hakitoki kwenda popote, labda kwa wachoma kuni.

Tulipofika, mjomba alisimama mlangoni. Nadhani alitegemea kuona kitu cha kuchezea. Chombo kilikuwa kimesimama juu ya magogo yake, kirefu kuliko gari letu mara mbili, mkuku wake, ule uti mzito, chini, mataruma yake yakionekana kupitia ule mwanya mmoja uliobaki, kama mbavu za mnyama. Banda zima lilinukia lami na kuni mbichi. Kando ya ukuta kulikuwa na sanduku refu jembamba la mbao, linatoa mvuke mweupe kwenye viungo vyake.

Method alitusalimia akiwa ameinamisha kichwa. Alikuwa amevaa shati safi, lakini suruali ilikuwa ya kazi. Rafiki yake Deo, ambaye ndiye aliyekuwa mshenga wake na pia ndiye mtu wa kumsaidia kubeba ubao, alikuwa amefunga tai juu ya ovaroli.

"Shikamoo, mzee," Deo akasema.

Sisi Wakongo wengi hatuna hiyo salamu. Mjomba alimtazama kichwa mpaka miguu, akajibu, "Jambo."

Deo akaimeza, akatukaribisha kwenye viti vya plastiki. Kulikuwa na soda na keki juu ya meza iliyofunikwa kitenge. Tukakaa kama inavyotakiwa. Mjomba katikati, mama kulia kwake, mimi kando ya mama, macho chini. Mbele yetu Deo, na nyuma yake kidogo Method, mikono juu ya magoti. Mposaji hasemi. Anasemewa. Na mzee wa upande wa mke akianza kusema, hakuna anayesimama mpaka amalize. Anayesimama amekata maneno, na akishakata maneno hakuna tena posa.

Mjomba alianzia mbali. Alianza na babu yetu wa kule Uvira, akaja kwa baba yangu aliyefariki, akaeleza jinsi alivyomlea dada yake na mtoto wake, kambini na hapa. Deo alikuwa anaitikia kila mjomba anapopumua, "Tunakusikia, mzee." Mimi nilikuwa nalisikiliza sanduku. Ubao ukikaa mvukeni kidogo, hautakunjika. Ukikaa mno, nyuzi zake zinachoka na unavunjika mkononi. Nilijua uliingia saa ngapi, maana jana Method aliniambia. Nilijua umebakiza kidogo.

Niliinua macho. Method alikuwa ananitazama. Hakunikonyeza wala hakutabasamu. Alitazama sanduku, akanitazama tena.

"Huyu kijana yenu iko na kazi?" mjomba aliuliza.

"Anayo, mzee. Ni fundi wa lifti."

"Iko na nyumba?"

"Amepanga, Hallonbergen."

"Iko na akili?"

Deo alisita kidogo. "Anazo, mzee."

"Basi mumuulize huyu mwenye akili. Hii nchi iko na madaraja kila kona. Iko na meli kubwa zenye hoteli ndani. Yeye anatengeneza mbao za kwenda wapi?"

Deo alianza kueleza habari ya shimo la lifti na kitu cha kwenda mbele. Ilikuwa nzuri Method alipoisema yeye. Kwa mdomo wa Deo ilisikika kama tangazo la benki. Mjomba akainua mkono.

"Bon. Mimi sitarefusha," akasema, ingawa alikuwa amekwisha kurefusha. "Tumefika, tumeona. Aache hii kitu. Aiuze, aichome, sisi hatutauliza. Akiacha, njo tutaongea ndoa. Kama hawezi kuacha, tunarudi na binti yetu leo hii, na asimpigie simu tena."

Mama alihema. Deo akakaa vizuri kwenye kiti, akajikohoza, akaanza kujibu. Ilibidi ajibu kwa urefu, kwa sababu mzee aliyesema sana hajibiwi kwa maneno mawili. Akashukuru kwa ugeni. Akashukuru kwa malezi. Na mimi nikaona mvuke unaotoka kwenye sanduku umebadilika, umekuwa mzito, na ile harufu ya utomvu ikajaa mpaka machoni.

Deo akisimama, Method anakosa mshenga. Method akisimama, amekata maneno. Wote wawili walilijua hilo, nikaona uso wa Method umebadilika, umekuwa kama wa mtu anayeagana na kitu. Alikuwa ameamua kuuacha ubao uharibike. Alikuwa anakiacha chombo chake kwa ajili yangu, pale pale, mikono juu ya magoti.

Sikutaka kupendwa hivyo.

Nikasimama mimi.

Mama alinishika kitenge. Nikautoa mkono wake polepole. Nilipita katikati ya watu, nikaenda moja kwa moja kwenye msumari ambapo huwa natundika glavu zangu, nikazivaa.

"Method," nikasema. "Ubao umeiva."

Method aliniangalia. Angeweza kuniambia nikae. Mwanamume mwingine angesema, Gaëlle, kaa, tusiharibu. Yeye akainuka.

Deo naye akataka kuinuka. "Weye kaa," mjomba akamwambia. "Sijamaliza na weye." Maskini Deo akakaa.

Tulifungua sanduku na mvuke ukatupiga usoni. Tukauvuta ubao, mrefu, mzito, unalegea katikati kama kitu chenye usingizi. Method alishika kichwa, mimi mkia, tukakimbia nao. Ubao ukitoka mvukeni una dakika chache tu za kukubali. Ukipoa, unarudi kuwa mti. Akakichomeka kichwa mahali pake mbele, akabana klampu ya kwanza, kile chuma cha kubania, akaizungusha mpaka ikagoma.

"Inua," akasema.

Niliinua mkia mpaka juu ya bega langu.

"Geuza. Kidogo. Sasa sukuma uje kwangu."

Niliegemeza nyonga na bega, nikausukuma. Ubao ulilia. Nilisubiri kofi lile, ule mlio, haukuja. Ukaanza kulala juu ya taruma la kwanza, na la pili. Method akabana, akachukua klampu nyingine, akabana. Kilemba changu kilikuwa kimefunguka, maji ya moto yalipita ndani ya glavu, na blauzi yangu ya kanisani ilikuwa nyeusi kwa lami.

Nyuma yangu nikamsikia mjomba akimuuliza mama, kwa sauti ya mtu ambaye ameelewa jambo akiwa amechelewa, "Nani alimufundisha hii kazi?"

Mama alikuwa anatazama glavu zangu.

"Gaëlle," mjomba akaita. "Acha hiyo kitu. Twende."

"Nikiuacha unarudi, mjomba. Utapasuka."

"Upasuke."

Method alisimama, klampu mkononi. Alikuwa amenipa mgongo, na hakugeuka.

"Gaëlle," akasema, kwa sauti ya chini, ile aliyonisemesha kupitia mlango wa lifti. "Ukitaka kuuacha, uache. Sitakulaumu. Leo wala kesho."

Nilijua anasema kweli. Ndiyo maana sikuuacha.

"Kaza," nikamwambia.

Akakaza.

Mjomba akaja mpaka karibu yangu. Nilidhani atanishika mkono. Hakunishika. Alisimama na suti yake katika ule mvuke, na alipofungua mdomo, sauti haikuwa tena ya mzee wa posa.

"Weye ulikuwa mudogo," akasema. "Unakumbuka ile usiku ya kuvuka ziwa? Mbao zilikuwa zinaachana. Tulitoa maji na sufuria mpaka asubuhi. Mama yako alikukamata hivi, juu ya kichwa. Niliapa mbele ya Mungu. Mutoto wa dada yangu hatapanda tena mbao juu ya maji. Banacheka kanisani, wacheke, mimi iko nacheka nao. Lakini haiko kicheko njo ilinileta hapa."

Alikuwa hajawahi kulisema hilo nyumbani. Miaka yote tulikula pamoja na hajawahi. Bega langu lilikuwa linawaka, na nikahisi machozi yanakuja, sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa kwenye ubao.

"Nakumbuka, mjomba," nikasema. "Nakumbuka maji kwenye miguu yangu."

"Basi."

"Lakini kile chombo hatukujua nani alikitengeneza. Hatukujua mbao zilitoka wapi wala nani alizipigilia. Tulipanda kwa sababu tulikuwa tunakimbia." Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake. Yalikuwa yanatoka yenyewe, moja baada ya jingine, na sikuwa naosha vyombo. "Hiki nakijua. Pamba iliyo kwenye hizi nyufa nimeitia mimi, kwa vidole hivi, Jumamosi zote mlizodhani niko kwaya. Kikiingiza maji, nitajua yanapitia wapi."

Mjomba akatazama nyufa. Alizitazama kwa muda, kutoka mbele mpaka nyuma. Method alibana klampu nyingine. Kila aliyoibana ilimleta hatua moja karibu nami, na sasa nilikuwa nasikia pumzi yake.

"Kwa hiyo huwezi kuacha," mjomba akasema.

"Naweza," nikasema. "Sitaki."

Lilikuwa neno dogo. Nilikuwa sijawahi kumwambia. Nilipolisema nilitegemea paa lianguke, halikuanguka.

Mjomba akafunga kifungo cha koti lake. "Njo vile," akasema, yaani ndivyo ilivyo. "Basi mali yake ya ndoa mimi sitapokea. Mutaozana wenyewe, mutafute mzee wa kuwasemea huko mutakakomuona." Akamgeukia mama. "Léontine. Twende."

Akatoka bila kutazama nyuma. Tulisikia mlango wa gari.

Mama alikuwa ameinuka, mkoba mkononi. Nilimwangalia kwa upande wa jicho, kwa sababu sikuweza kugeuza shingo. Nilijua akienda, nitarudi nyumbani jioni kama mgeni, au sitarudi. Nilijua pia kwamba hata akienda nitaendelea kuushika ubao ule mpaka mwisho. Jambo hilo liliniogopesha kuliko yote, kwamba nilikuwa na uhakika.

Alikuja polepole, akipita juu ya vipande vya mbao kwa viatu vyake vya kisigino. Hakunitazama. Alitazama ubao. Akasogeza uso karibu, kama anavyotazama kitambaa sokoni akitafuta dosari.

"Hapa katikati kumebaki mwanya," akamwambia Method. Lilikuwa neno la kwanza kumwambia tangu amjue.

"Nimeuona, mama."

"Basi kaza. Mutoto iko anachoka."

Akaweka mkoba chini, akavua viatu, akaja upande wangu, akaegemeza mgongo wake wote kwenye ubao. Mama yangu ni mtu mzito. Ubao ukaenda wenyewe. Method akapita mbele yetu na klampu, ikabidi anyooshe mkono juu ya bega langu ili aifikishe, na uso wake ukawa karibu na wangu hata nikaona matone ya mvuke kwenye kope zake. Alinong'ona jina langu tu. Kisha akazungusha chuma, na ule mwanya wa mwisho ukafumba, ubao ukalala juu ya taruma kama umezaliwa pale.

Nje, honi ya gari ikalia. Katika mji huu mtu hapigi honi hivyo labda ameona moto. Ikalia tena. Deo, ambaye bado alikuwa ameketi peke yake mbele ya viti vitupu, tai imepinda, aliuliza kama yeye, akiwa mshenga, aende kuzungumza na mzee.

Honi ikalia mara ya tatu, ndefu, haikati.

Mama hakuondoa mgongo wake. "Mwache apige," akasema. "Betri ni yake."